Picha za Tembe na Maneno Yaliyo Chini Yake

Nyumba ya Wagogo, ambayo Kiswahili huiita tembe, imekuwa ikionyeshwa kwa watu wa mbali kwa zaidi ya miaka 160. Richard Burton, aliyepita Ugogo pamoja na John Speke mwaka 1857, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1860, wala hakuipenda. Henry Stanley naye akaandika habari za matembe katika kitabu cha mwaka 1872, baada ya kukaa na Livingstone katika tembe kubwa la Kwihara, karibu na Tabora. Baada ya kalamu ilifuata kamera. Leo kijana wa Kizota, kata ya Jiji la Dodoma iliyo upande wa magharibi, kando ya barabara iendayo Singida, aweza kutoa simu mfukoni na kupiga picha kumi za nyumba kabla Burton hajamaliza kuchonga kalamu yake. Ingetazamiwa kwamba picha za mwenyeji zitatofautiana na za mgeni. Kwa sehemu kubwa hazitofautiani, na sababu yake yastahili kuchunguzwa, kwa kuwa haiwahusu wapiga picha peke yao. Yawahusu pia watunga kamusi.

Kwanza yafaa kukumbuka tembe ni nini. Nguzo za miti husimamishwa ardhini kwa safu. Juu yake hulazwa boriti, kisha fito zilizobanana, kisha nyasi au majani, na juu kabisa tabaka nene la udongo. Kuta ni za miti iliyokandikwa kwa udongo uliochanganywa na samadi. Nyumba huwa ya chini, ndefu kuliko upana wake, na mtu mrefu hana budi kuinama mlangoni. Wagogo si peke yao wenye kujenga hivyo: Wahehe, Wanyaturu na Wairaqw nao wana matembe yao, na ya Wairaqw yalichimbiwa kilimani hata paa likakaribia kuwa sawa na ardhi. Lakini tembe la Ugogo halieleweki kama nyumba moja. Ni mabawa ya nyumba yanayozunguka ua, na katika ua huo hulala ng'ombe. Milango hutazama ndani. Mkusanyo huo wote ndio uitwao kaya, na Peter Rigby, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya ng'ombe na udugu wa Wagogo, alionyesha jinsi kila mke anavyokuwa na nyumba yake ndani ya kaya, hata mpango wa kuta ukawa ni mpango wa jamaa wenyewe. Yaani mwenye kuiona kaya kutoka nje huona migongo ya nyumba. Hivyo ndivyo ilivyokusudiwa, kwa sababu ya wezi wa mifugo, ya wanyama wa porini, na ya vita vya zamani.

Sasa tazama picha ya kawaida ya tembe. Ukuta mrefu wa rangi ya udongo umekata picha katikati. Chini yake ni ardhi ya rangi ile ile, juu yake ni mbingu tupu. Labda pana mbuyu. Labda mtoto amesimama pembeni, amewekwa hapo ili kuonyesha kimo cha nyumba. Mlango hauonekani, au ukionekana ni weusi tu usio na kitu ndani. Picha ya namna hii imepigwa na wasafiri, na wamisionari, na maofisa wa serikali ya Kijerumani na ya Kiingereza, na watalii. Tena sasa yapigwa na wenyeji wenye simu. Ni picha ya mgongo. Mtu aliyepigwa picha mgongo hatambulikani, na hapana ajabu kwamba kila tembe katika picha hizi lafanana na jingine.

Sababu ya kwanza ni adabu, au kukosekana kwake. Ili kuuona uso wa kaya yapasa kuingia ua, na huingii ua wa watu bila kupiga hodi, kuamkiana, kueleza ulikotoka na shughuli iliyokuleta, na kungoja. Msafiri wa karne ya 19 alikuwa na haraka, na zaidi ya hayo alikuwa na ugomvi na wenyeji juu ya hongo ya kupita. Alisimama nje kwa kuwa hakukaribishwa. Lakini kijana wa Kizota ana shangazi Bahi au babu Chamwino, aijua lugha, ajua kuamkia. Naye pia asimama nje. Amejifunza umbo la picha kutoka kwa picha zilizotangulia, kama mwanafunzi wa utenzi ajifunzavyo vina, na umbo hilo lamwambia kwamba nyumba ya asili hupigwa kwa mbali, asubuhi au jioni, pasipo mtu wa kuongea naye.

Sababu ya pili imo katika maneno. Mara nyingi picha huja na maelezo mafupi chini yake, nayo ni ya namna mbili. Ama huandikwa jina la kabila, mfano wa «Nyumba ya Mgogo», kana kwamba Wagogo wote walimchagua mtu mmoja akae humo. Ama huandikwa sifa, na sifa zenyewe ni mbili tu, «asili» na «duni». Maneno haya mawili yaonekana kupingana, lakini kazi yake ni moja. Yote mawili huiondoa nyumba katika wakati wake. La kwanza huipeleka zamani isiyo na tarehe. La pili huitazama kwa macho ya siku itakapobomolewa. Hakuna katika hayo linalosema kaya ni ya nani, yu wapi mwenye nyumba hii, ilijengwa mwaka gani, nani aliikandika mara ya mwisho.

Katika jambo hili Nyaraka za Taifa za Ujerumani zimetoa mfano wa kuzingatiwa. Mwishoni mwa mwaka 2008 zilifungua makumi ya maelfu ya picha zake zitumiwe na watu wote, zikiwamo picha za Walther Dobbertin, aliyefanya kazi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Pamoja na picha ziliwekwa tahadhari: kwamba maelezo ya zamani yamehifadhiwa kwa ajili ya historia, na kwamba huenda yana makosa, upendeleo, au yamepitwa na wakati. Hilo ni jambo la haki. Lakini tahadhari haiandiki maelezo mapya. Kazi hiyo ingali yangoja watu wa mahali penyewe, na mwenye kuitenda atahitaji msamiati ambao Kiswahili cha vitabu hakijauweka mezani.

Hapa ndipo mtu wa lugha anapoingia. Neno tembe lenyewe limo katika kamusi, likikaa pamoja na tembe ya dawa na tembe ya kuku bila udugu wowote, na maana yake hutolewa kwa maneno machache: nyumba yenye paa bapa la udongo. Hata ngeli yake haijatulia. Wengine husema tembe hili, matembe haya; wengine tembe hii, tembe hizi; na Kwihara wenyeji na vibao husema Tembe la Livingstone. Si kosa kubwa. Lakini neno lililotumiwa na watu wengi nyumbani lingekwisha kuchagua upande zamani, na kusitasita huku kwaonyesha kwamba wengi wa wanaoliandika hulitumia kama watumiavyo jina la kitu cha makumbusho.

Kisha zipo sehemu za nyumba. Msamiati wa ujenzi wa Kiswahili ulikua pwani, chini ya makuti. Paa, katika fikra ya msemaji wa pwani, lina mteremko. Lina mwamba juu, makombamoyo yashukayo, fito, na mchirizi ambapo maji hudondoka. Nyumba ya mgongo wa tembo ni jina zuri, na lenyewe lashuhudia kwamba nyumba yatarajiwa kuwa na mgongo. Mwandishi akitaka kueleza juu ya tembe kwa maneno haya hukwama mara moja. Hakuna mwamba. Hakuna mteremko wa maana. Je, udongo huezekwa? Watu husema hivyo, na hapana ubaya, maana neno kuezeka lilikwisha kunyooshwa likafika kwenye bati. Lakini mara nyingi mwandishi hukimbilia kusema tembe «halina» hiki na kile, na msomaji hubaki na nyumba iliyofanyizwa kwa vitu ilivyokosa.

Cha kushangaza ni kwamba pwani yenyewe ina neno lililo karibu zaidi, nalo limelala karibu na mlango. Nyumba za mawe za Lamu, za Unguja na za Kilwa zilifunikwa kwa sakafu: boriti za mikoko zililazwa toka ukuta hadi ukuta, juu yake mawe ya matumbawe, kisha chokaa na kokoto zilizopondwa kwa magongo na watu wengi mpaka zikashikamana. Kusakifu ni kutengeneza sakafu ya chini au ya juu, vyovyote viwili. Kuiona sakafu kuwa kitu cha kukanyagwa tu chumbani ni mazoea ya baadaye. Upana wa chumba uliamriwa na urefu wa boriti, na kwa kawaida haukuzidi mita 3; ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Mwenye kuingia tembe la Ugogo ataona sheria ile ile ikitawala, ila boriti ni za miti ya nyika na sakafu ni ya udongo. Nyumba zote mbili hutazama ua wake, zote mbili hugeuzia njia kuta tupu. Haisemwi hapa kwamba moja ilizaa nyingine. Yasemwa tu kwamba ni majibu mawili ya swali moja, na kwamba lugha iliyokwisha kulitaja jibu la kwanza haina udhuru wa kulikosa la pili.

Lakini tofauti ya heshima baina ya nyumba hizi mbili ni kubwa mno, na picha zina sehemu katika hilo. Unguja ilikuwa na maduka ya wapiga picha tangu karne ya 19. Jina la A. C. Gomes lasomeka hadi leo katika kadi za posta za mji huo, na Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Watu hawa waliishi mjini. Walipiga milango, baraza, ngazi, sebule, arusi, na wenye nyumba wakiwa wamesimama mbele ya nyumba zao kwa hiari na kwa nguo walizozichagua. Mji Mkongwe ulipoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001, ulimwengu ulikuwa tayari umekwisha kuingia ndani ya nyumba hizo kwa macho. Katika mkoa wa Dodoma orodha hiyo ilifika mwaka 2006, na kilichoingizwa ni michoro ya miambani ya Kondoa: kazi ya watu wasio na majina, isiyokaliwa na mtu.

Turudi Kizota, au ifaavyo zaidi, picha zirudishwe Kizota. Kwa miaka kadhaa jina hili lilisomwa magazetini chini ya picha za mikutano mikuu ya Chama Cha Mapinduzi, kama ule wa mwaka 2012, kabla ya kituo cha mikutano chenye jina la Jakaya Kikwete kufunguliwa mwaka 2015. Zilikuwa picha za ndani ya ukumbi: viti, vitambaa vya kijani na njano, jukwaa. Aliyezitazama alijua Kizota pasipo kuiona hata nyumba moja ya Kizota. Wapiga picha wa mji nao, wakitaka kuonyesha majengo ya Dodoma, hupanga foleni ile ile: Bunge, Kanisa Kuu la Anglikana, Jamatini, Msikiti wa Gaddafi uliofunguliwa mwaka 2010, uwanja wa Nyerere, na sasa stesheni mpya ya reli ya kisasa, ambayo treni zake kutoka Dar es Salaam zilianza mwaka 2024. Majengo haya ni mazuri, na hapana mtu mwenye haki ya kumkataza kijana kujivunia mji wake. Ila karibu kila moja lingeweza kupigwa picha bila mpiga picha kujua yuko katika nchi ya nani. Tembe nalo, akilitaka, hulitafuta mbali, huko Bahi au Mvumi, siku ya Jumapili, kama mtalii.

Kumbe Kizota yenyewe ina jambo la kutazamwa. Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Ramani kuu ya mwaka 1976 ilichorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto. Ramani yapenda viwanja, na kiwanja chapenda barabara: nyumba huamriwa kuitazama njia. Kaya yatazama ua. Kabla ya hapo, katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, watu waliotawanyika na mashamba yao walikuwa wamekwisha kupangwa kwa mistari vijijini. Basi mtu akipita katika vitongoji vya magharibi ya mji ataona mapatano madogo madogo baina ya amri hizi mbili. Mbele nyumba yatii barabara, ina dirisha la nondo na pengine duka. Nyuma vyumba vimeongezwa kimoja kimoja, vya tofali la kuchoma au la saruji, paa la bati lenye mteremko mmoja tu, karibu bapa, limekandamizwa kwa mawe. Na milango ya vyumba hivyo yatazamana juu ya ua uliofagiwa. Vyumba hujengwa kwa kadiri jamaa wanavyoongezeka, na ua ndio sebule. Mpiga picha aliyekulia humo haoni kitu cha kupiga, kwa kuwa si cha «asili» wala si cha «kisasa». Maneno mawili aliyofundishwa hayakiingizi, na jicho lake limefuata maneno.

Yafaa hapa kujihadhari na kosa la upande wa pili. Wapo wasomi, na hasa waliokaa sana ng'ambo, ambao husifu tembe kwa sauti kubwa hali wao wenyewe hulala chini ya vigae. Tembe lina taabu zake. Dodoma hupata mvua chache, wastani wa milimita 600 hivi kwa mwaka, na kwa nchi ya namna hiyo paa la udongo ni akili: hukinga joto la mchana na baridi ya usiku wa Julai, hushika kwa kuwa maji ni machache. Lakini mvua ikizidi, udongo hunywa maji, huwa mzito, na boriti zilizoliwa na mchwa huvunjika na kuanguka juu ya waliolala. Kila mwaka ni kukandika upya, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya wanawake. Mwanamke akitaka bati, si kwamba amepotewa na mila, amechoka. Mwaka 1977 Mwalimu Nyerere, akipima miaka kumi ya Azimio la Arusha, alilaumu mapenzi ya watu kwa mabati na saruji, akiyaona kuwa ni kupooza kwa fikra, na akataja kwa uchungu kwamba saruji ilikuwa ikiitwa udongo wa Ulaya. Lawama yake ilikuwa na ukweli, ila jina hilo lastahili kusikilizwa kwa makini zaidi. Waliolitunga hawakusema saruji ni mbali na udongo. Walisema ni udongo, wa kwingine. Waliiingiza katika ukoo wa kitu walichokijua, kama lugha hai ifanyavyo, na mjenzi wa Kizota afanya vivyo hivyo kwa mikono.

Serikali nayo, katika sensa za mwaka 2012 na 2022, iliuliza kaya paa lake ni la nini, kuta za nini, sakafu ya nini. Maswali hayo ni ya lazima kwa kazi yake. Lakini msomaji aangalie neno lililotumika: kaya. Katika Kiswahili cha leo kaya ni watu wanaokula pamoja, wana mkuu wao, na huhesabiwa. Pwani ya Kenya, kwa Wamijikenda, kaya ni msitu mtakatifu na kijiji cha kale ndani yake, na misitu hiyo iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kwa Mgogo kaya ni watu, ng'ombe, kuta na ua, vyote pamoja, na havitenganishwi. Ndiyo maana tembe lililojengwa katika Makumbusho ya Kijiji, yaliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1966, ijapokuwa ni kazi ya kuheshimiwa, haliwezi kujibu swali lote: nyumba ipo, kaya haipo. Mgeni hulizunguka, hulipiga picha, huondoka na mgongo mwingine.

Kwamba Kiswahili chaweza kuibeba Ugogo kutoka ndani hakuna shaka. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ugogo, alichapisha mwaka 1954 kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, na akakiandika kwa Kiswahili ili Watanganyika wengine wakisome. Hakungoja mgeni amwambie lililo kubwa na lililo dogo kwao. Alikufa mwaka 1969, na mpiga picha wa namna yake kwa ajili ya nyumba za Ugogo hajapatikana kwa urahisi, ijapokuwa kamera sasa ni nyingi kuliko kalamu za wakati wake. Wengine waweka tumaini katika kamera zirukazo angani. Ni kweli kwamba picha ya kutoka juu huonyesha mabawa, ua na zizi kwa pamoja, jambo ambalo hakuna msafiri wa zamani aliyeliweza. Lakini kamera hiyo nayo haikupiga hodi, na mwenye nyumba huitazama kama atazamavyo mwewe.

Picha inayotakiwa ni ya ua, mtu akiwa amesimama mahali ambapo mgeni aliyekaribishwa hukaa. Ikifuatiwa na ya ndani, mlango ukiwa wazi nyuma ya mpiga picha ili nguzo na boriti zionekane. Ikifuatiwa na ya juu, palipoanikwa nafaka. Chini yake paandikwe jina la mwenye nyumba kama ameridhia, mahali, mwaka, na kila sehemu kwa jina lake la Kigogo pamoja na la Kiswahili, hata kama la Kiswahili litakuwa ni sakafu na mhariri akashtuka. Ipigwe kati ya Mei na Julai, wakati mtama na uwele umo juani, na iwe mapema. Mchana rangi ya ukuta na rangi ya ardhi huwa moja, na mlango hauonekani.